Jinsi ya kupika chakula cha Amu ukiwa mbali na Amu

Wiki haipiti bila voisi ya ndugu yangu mmoja aliye mbali, asipokuwa Toronto basi ni Muscat ama London, na zote zinafanana. Salamu ndefu, watoto hawajambo, huku baridi, halafu mwisho ndo linakuja lenyewe: wali nimepika lakini si wa nyumbani, mtuzi (mchuzi, kwa Kiamu) tui limekatika, kwani bibi alikuwa anafanyaje? Mimi niko hapa mtaa wa Langoni, Amu, yaani Lamu, na jiko alilopikia bibi ndo hilo hilo ninalopikia, kwa hiyo wote wanaona mimi ndo mwenye funguo. Nimejibu mmoja mmoja hadi simu imejaa. Sasa naandika mara moja, isomwe na wote, na hata kama wewe si mtu wa Amu, ukawa wa Malindi ama Faza ama Mambrui, njia ni hiyo hiyo.

Kuna jambo nataka ulishike kabla hujawasha jiko. Ukitoa samaki na ukwaju, karibu kila kitu kwenye sinia letu kilipanda chombo kikaja. Mchele, nazi, ndizi, pilipili, nyanya, muhogo, bizari, kahawa, vyote vililetwa na mtu aliyeacha kwao, mwengine kwa biashara, mwengine kwa dini, mwengine kwa kukimbia vita, na mwengine kwa kufungwa kamba. Kwa hiyo wewe uliyehama na sufuria yako usijione unaharibu chakula cha wazee, hicho chakula hakijawahi kukaa tuli. Lakini pia si kila kitu kinabadilishwa. Kuna vitu ukivigusa unapata chakula kingine kabisa, na kujua kipi ni kipi ndo kazi yenyewe, na njia ya kujua ni kuuliza kila kitu kilitoka wapi na kinafanya nini ndani ya chungu.

Chagua kimoja, na kiwe cha kila siku

Wengi wanaanza na biriani. Naelewa, biriani ni ya harusi, ina heshima yake, lakini biriani imeandikwa kila mahali na utaipata hata bila sisi. Kinachopotea ni chakula cha Jumanne. Wali wa nazi na mtuzi wa samaki, mkate wa mofa, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina na chai jioni, hivi haviitiwi mpishi wa kukodi, vinapikwa na mtu mmoja nyumbani na akiondoka vinaondoka naye. Chagua kimoja, kile ambacho ukifumba macho unasikia harufu yake, ukae nacho mwezi mzima. Mimi hapa nitatumia wali wa nazi na mtuzi wa samaki manake ndo ninaoulizwa zaidi.

Kaa jikoni na anayejua, na usimuulize kiasi gani

Kama bado una bibi ama mama ama khala, hatua hii usiiruke hata kama unajiona unajua kupika. Ukija likizo usimalize siku zote ufukweni Shela, tenga asubuhi tatu. Kama huwezi kuja piga simu ya video, simu iegeshwe ielekee mikono na sufuria, si uso, na upige wakati anapika kweli, saa nne asubuhi hivi samaki akishatoka sokoni, si usiku kwa sababu wewe ndo umepata nafasi.

Kosa kubwa ni kuuliza "unatia kiasi gani?" Atakwambia kiasi, ama kidogo tu, ama mpaka itoshe, na hapo hakufichi chochote, mkono wake ndo mizani. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, mchele alikuwa anaupima kwa kibaba cha bati, manake wazee walikuwa na vipimo vyao kamili, vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi ni kama kilo mbili na nusu na kitu. Lakini viungo alikuwa anatia kwa vidole. Basi nilichofanya ni hiki: nilinunua mizani ndogo ya jikoni, na kabla hajaanza nikapima mkebe wa chumvi, chupa ya bizari, bakuli la thomu (kitunguu saumu) iliyotwangwa, bakuli la ukwaju uliorowekwa, nikaandika. Akimaliza kupika napima tena. Kilichopungua ndo kiasi. Humkatizi, humfanyi ajione yuko kwenye mtihani, na gramu zako umezipata.

Nilifanya hivyo siku tatu tofauti na ndo nikaona siku ya nguru anatia ukwaju karibu mara mbili ya siku ya changu. Yeye mwenyewe hakuwa anajua kama anafanya hivyo. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, akasema, "Nguru ana mafuta." Basi, akaendelea kupepeta mchele. Ningemuuliza kiasi gani miaka kumi nisingelijua hilo.

Maswali ya kumuuliza ni mengine. Nani alikufundisha? Yeye alikuwa wa wapi? Mwezi wa bahari kuchafuka, kusi imekaza na mashua hazitoki, mlikuwa mnakula nini? Na swali ninalolipenda kuliko yote: kitu gani ulikuwa unakula kwenu ukaacha ulipokuja huku?

Hilo nilimuuliza bibi yangu mzaa baba, ambaye Alhamdulillahi bado yuko. Yeye ni Mbajuni wa bara, upande wa Kiunga, na familia yao ilikuja Amu kwa mashua kwenye ile miaka ya vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, kati ya 1963 na 1967, wakati vijiji vingi vya upande ule vilihamwa watu wakaacha mashamba yakaota msitu. Wengine walifika Amu, wengine wakateremka hadi Malindi na Mombasa. Nilidhani atanitajia samaki fulani. Akasema, "Mtama." Kwao walikuwa wanalima wenyewe, mofa ilikuwa mkate wa kila siku. Mjini mtama ukawa wa kununua, mchele ulikuwa dukani, na mofa ikageuka chakula cha Ramadhani. Sasa mimi nilikua nikijua mofa ni ya Ramadhani kama vile imeandikwa. Haikuandikwa, ilisababishwa na kuhama. Baada ya 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, wakaja na Wabajuni wengine kutoka Kismayu na visiwa vyake, nao hadithi zao ni nzito kuliko hizi, na wengine hawakuishia Kenya, wako Uingereza leo na watoto wao. Kama wewe ni mmoja wa hao, wazee wako wamehama mara mbili tatu kabla yako, waulize walipoteza nini kila kituo.

Unapoandika, andika kwa maneno yake. Akisema tuwi andika tuwi, akisema mtuzi na mtele usimsahihishie kuwa mchuzi na mchele. Maneno ya Kiamu nayo ni sehemu ya mapishi.

Kifungue chakula, kila kitu na safari yake

Chukua karatasi, andika kila kilichoingia chunguni, na mbele yake andika mambo matatu: kilitoka wapi, nani alikileta, na kinafanya kazi gani. Hilo la tatu ndo litakalokuokoa ukiwa kwenye supamaketi ya ughaibuni hujui ushike nini.

Anza na wali wenyewe. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita kwenye pwani hii, akashukia Mogadishu kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa, na akaandika alicholishwa Mogadishu: wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, juu yake vitoweo vya kuku na nyama na samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama, manake hiyo ni Ijumaa nyumbani kwetu, imepita miaka karibu mia saba na bado pembeni ya wali kuna achari ya ndimu. Kwa hiyo achari si pambo. Ukipika wali wa nazi ughaibuni ukakosa achari umekosa kitu cha zamani kuliko nyumba za mawe tunazojivunia.

Lakini ile pilipili ya Ibn Battuta si hii yetu nyekundu. Ilikuwa jamii ya pilipili manga. Pilipili tunayotwanga leo, na nyanya, na muhogo, na mahindi, na nanasi, na papai, asili yake Marekani, na hakuna hata kimoja kilichovuka bahari kuja upande huu kabla ya 1492. Wareno ndo waliofungua ile njia. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498, na nguzo ya Wareno bado imesimama pale juu ya mwamba, watu wanakwenda kupiga picha. Watu hao walitufanyia mabaya mengi pwani nzima, na neno gereza tumelipata kwao. Meza pia tumeipata kwao, na kasha, na leso. Hivyo ndivyo historia inavyokaa jikoni, haichagui mazuri peke yake.

Sasa ona faida yake kwa mpishi. Kama nyanya ni mgeni wa juzi, ina maana mtuzi ulikuwa unapikwa bila nyanya. Kilichokuwa kinaubeba ni uchachu mwengine, ukwaju, ndimu, embe bichi. Basi wewe uliye Toronto mwezi wa kwanza, na nyanya za huko wakati ule hazina ladha, usizilazimishe, tia moja ya rangi ama acha kabisa, mtuzi hautakasirika. Uchachu ndo huwezi kuuacha. Ukwaju unauzwa kila mahali ulipo Wahindi, na kwenye nchi za Kiarabu ulizia tamar hindi, maana yake tende ya Uhindi, na kinachonifurahisha ni kwamba mkwaju ni mti wa Afrika, ulitoka huku ukaenda kule ukapewa jina la kule. Na wenyewe ulihama.

Upande wa India nitapita haraka kwa sababu maneno yenyewe yanajitaja, chapati, bajia, kachumbari, achari, huhitaji kuambiwa. Tambuu pia. Ukikosa kitu cha viungo ughaibuni duka la Muhindi ndo la kwanza kuingia, la pili ni la Msomali.

Upande wa Uarabuni umetuingia mara nyingi. Baada ya vita vya Shela, Amu ilipopigana na Pate na Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, Amu ilijiweka chini ya Oman, na biashara ya majahazi ikachangamka. Kaskazi ikivuma yanateremka na tende na papa mkavu, kusi ikivuma yanapanda na boriti zetu za mikoko. Halwa, bokoboko ya ngano na nyama ya Idi, kaimati, kahawa chungu ya tangawizi inayomiminwa kwenye vikombe vidogo, vyote vina ndugu zao ng'ambo. Ndugu yangu aliyehamia Muscat Ramadhani yake ya kwanza alinitumia picha kwa furaha, wana kaimati! Wao wanaziita luqaimat, na sisi ndo tuliochukua kwao. Nikamwambia asione kama amefika ugenini, kuna sahani mbili tatu zilizomtangulia.

Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut kule Yemen, walikuja na kahawa yao na biashara zao. Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro, nao wana mkono mkubwa hapa, Habib Swaleh mwenyewe, shehe aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha, alikuja kutoka Ngazija, na Maulidi yanayosomwa Msikiti wa Riyadha kila mwaka yanaleta watu kutoka pwani yote, na pilau inapikwa kwenye masufuria ya kuingia mtu mzima. Babu wa bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija pia. Ndo maana naambiwa nyumba yetu inapenda tui zito kuliko majirani.

Halafu kuna hili, na naomba usilipite. Ukiambiwa haya ndo mapishi ya nyumba fulani, uliza nani alikuwa anapika. Kwenye nyumba nyingi kubwa za mawe waliokuwa wanatwanga, wanakuna nazi na kukaa na moshi walikuwa watumwa, na mashamba ya minazi na nafaka ya bara yalilimwa na watumwa. Utumwa kwenye pwani yetu ulifutwa kisheria 1907, si zamani hivyo, bibi zetu walilelewa na watu walioushuhudia. Watu hao walitoka bara mbali, walikuja na mikono yao na ujuzi wao wa majani na mizizi na nafaka, na majina yao hayakuandikwa popote. Lakini mkono wao uko kwenye chungu. Unapoandika mapishi ya familia na ukafika mahali hapana jina, usijaze kwa jina la mwenye nyumba. Andika tu: alipika mwanamke ambaye hatukuachiwa jina lake. Ni mstari mmoja na ni wa haki.

Sasa pika

Watu wanne. Mchele basmati vikombe viwili, osha mpaka maji yatoke safi, roweka nusu saa, chuja.

Tui ndo roho, na hapa ndo wote mnaponikosea. Mnafungua kopo mnamimina lote kwa pamoja. Tui si moja, ni mawili. Nazi kavu ukishaikuna kwenye mbuzi unatia maji vuguvugu kidogo, nusu kikombe hivi, unakamua kwa kifumbu, hilo zito la kwanza ndo kasimile, unaliweka kando. Chicha inayobaki unaitia maji tena vikombe vitatu, unakamua mara ya pili na ya tatu, hilo ndo tui jepesi la kupikia. Jepesi linaivisha, zito linatia ladha na mafuta mwishoni. Ukizichanganya mapema zito linapikwa mpaka linatoa mafuta yake na harufu inakwenda na mvuke, ndo unapata wali wenye mafuta usio na utamu.

Kwa kopo fanya hivi. Soma karatasi ya nje, liwe nazi na maji tu, yale yenye vitu vya kugandisha hayajitengi. Liweke kwenye friji usiku kucha, usilitikise. Asubuhi fungua, juu kuna tabaka nene, lichote kwa kijiko, hilo ndo kasimile yako. Lililobaki chini liongeze maji mpaka vitimie vikombe vitatu, kikombe kile kile ulichopimia mchele. Wallahi hili peke yake limewanyamazisha watu wengi kwenye simu yangu.

Teleka tui jepesi na kijiko cha chai kimoja cha chumvi, koroga mpaka lichemke, tia mchele, moto wa wastani, usifunike. Maji yakishuka yakawa sawa na mchele, mimina kasimile nusu kikombe, geuza mara moja tu kwa mwiko, taratibu usivunje punje, funika.

Halafu makaa. Bibi alikuwa anapunguza moto wa chini na kupalia, yaani makaa anayaweka juu ya kifuniko, na ndo wali unaiva kutoka juu na chini na ukoko unatoka wa rangi ya tende. Jiko la gesi linachoma chini tu. Kwa hiyo mwenye oveni asione haya kabisa, oveni ndo iliyo karibu na makaa ya bibi kuliko gesi: sufuria yenye kifuniko kizuri, digrii 160, dakika ishirini, usifungue fungue. Ndugu yangu wa London ndo aliyeligundua hili yeye mwenyewe, mimi huku nilikuwa sijalifikiria.

Samaki ni kilo moja ya nguru vipande vinene. Nguru ukimkosa kwa jina hili muulize kwa majina yake mengine, nchi za Ghuba wanamuita kanadi, Wahindi wanamuita surmai, ni yule yule, yuko kwenye friji za maduka yao miji mingi tu. Ukimkosa kabisa chukua samaki yeyote wa nyama ngumu asiyevunjika. Mtie ndimu, chumvi, thomu na tangawizi ya kutwanga, dakika ishirini, umkaange juu juu tu apate rangi.

Kwenye mafuta kidogo lainisha kitunguu, tia thomu, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, nyanya kama ina ladha, halafu tui jepesi vikombe viwili (hapo utahitaji nazi ya pili ama kopo la pili, usibane). Tumbukiza pilipili mbichi nzima bila kuipasua. Uchemke upungue. Tia maji mazito ya ukwaju vijiko vitatu vya chakula, ama vipande vya embe bichi ukibahatika, kisha samaki. Onja chumvi sasa. Mwisho kabisa kasimile kikombe kimoja, na hapo usiondoke, koroga taratibu kwa upawa mpaka utokote mara ya kwanza, zima. Usifunike na usirudie kuchemsha. Kinachokata tui ni moto mkali ukikutana na uchachu, si uchawi wala si kopo baya.

Kuna hoteli moja hapa mbele ya bahari inatia krimu ya maziwa kwenye mtuzi na kuuandika kuwa ni wa Kiswahili. Wageni hawajui, lakini mimi inaniuma, manake nazi tunazo. Aliye Norway akikosa nazi akatia maziwa simlaumu hata kidogo.

Mofa bila chungu cha mofa

Wasomali wanaita muufo, na unaona hapo hapo pwani yetu na yao ni moja. Chungu cha mofa cha udongo huna, sawa. Unga wa mtama vikombe viwili, unga wa ngano nusu ili ushikane, hamira nusu kijiko cha chai, chumvi, maji vuguvugu mpaka uwe mlaini wa kupigika kiganjani, ulale usiku mzima mpaka uanze kunukia uchachu. Kaango zito la chuma lipate moto sana, tandaza donge unene wa kidole, funika, geuza. Harufu ya udongo haitakuwepo, nakubali. Bibi mzaa baba nilimpikia kwa kaango akala miwili na samli, akasema kwao kulipokuwa hakuna chungu walikuwa wanapika hivyo hivyo juu ya kigae.

Na watoto waliozaliwa huko

Hili ndo linalowakosesha wengi usingizi, mtoto anasema yeye ni wa Toronto, anataka kuku wa kopo. Msimgombeze kwa chakula. Ukimwambia hiki ndo chakula asili, kula, atakiona kama dawa. Mwambie safari zake. Mpe nazi ya kukuna, mpe pilipili umwambie ilitoka Marekani ikaenda Amu ikarudi Toronto kumtafuta. Watoto wanaelewa kuhama kuliko tunavyodhani, wao ndo wanaoishi ndani yake.

Siku moja kwa wiki, Ijumaa kama kazi inaruhusu ama Jumapili, kula kwenye sinia moja, chini, kwa mkono. Hapo ndo mtoto anajifunza kula upande wake, kumsukumia mwenzake kipande kizuri, kumngoja mkubwa aanze. Hivyo havipatikani kwenye sahani za mtu mmoja mmoja hata mtuzi ukiwa umetoka sawa sawa.

Na akibadilisha mwache. Binamu zangu wa Malindi wamekua na Waitaliano jirani miaka mingi, wanapika spageti kwa tui na kamba na ndimu, na siku moja walimletea bibi. Mimi niliogopa atasema nini. Alikula akauliza kwa nini tambi zao ni ndefu hivi, akaomba ziongezwe ndimu. Wameandika kwenye daftari lao kwa jina la aliyebuni na mwaka, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo, karatasi ya bibi ukurasa mmoja, yenu ukurasa wa pili, zikae pamoja.

Mkishapika nitumieni gramu zenu, jina la samaki kama wanavyomuita huko, na kopo gani la tui halikukatika, nitaongeza pembeni ya zile za bibi. Voisi zisizidi dakika mbili tafadhali, simu bado imejaa.